Mfupa Ukifa Nyongani, Eksirei Hunyamaza

Mtu wa miaka 38 anafika kwa daktari akiwa ameshika kinena cha kulia. Maumivu yalianza mwezi na nusu uliopita, yanashuka pajani hadi gotini, na siku hizi yanamwamsha usiku. Hajaanguka, hajagongwa. Anapigwa eksirei ya nyonga na picha inatoka safi: kichwa cha mfupa wa paja kimeviringana vizuri, nafasi ya kiungo ipo, ufa hakuna. Anaambiwa ni misuli, anapewa dawa za kutuliza maumivu, anarudi nyumbani moyo umetulia. Miezi minane baadaye anarudi akichechemea. Eksirei inarudiwa, na safari hii haihitaji jicho la bingwa: kichwa cha paja kimebonyea upande wa juu kama mpira uliopungukiwa upepo.

Mgonjwa huyu ni wa mfano, lakini hakuna daktari wa mifupa asiyemjua. Na jambo la kwanza ninalotaka lieleweke ni kwamba eksirei ile ya kwanza haikusema uongo. Iliulizwa kama umbo la mfupa limebadilika, ikajibu kwamba halijabadilika. Kosa lilikuwa kulichukua jibu hilo kana kwamba linajibu swali jingine kabisa: je, mfupa huu uko hai?

Kati ya maswali hayo mawili ndipo wagonjwa wengi wa osteonekrosisi, yaani kufa kwa mfupa kwa kukosa damu, wanapopotelea. Kipimo kinafanywa, majibu yanatoka sahihi, na bado mgonjwa hapati ukweli wake. Ndiyo maana naona haifai kuuliza tu ni kipimo gani bora. Inabidi tuulize kila kipimo kinaona nini hasa, na kinakiona lini.

Kichwa cha mfupa wa paja kimekaa mahali pabaya kwa habari ya damu. Sehemu kubwa ya uso wake imevikwa gegedu, ambayo haipitishi mishipa, na chenyewe kimeingia ndani ya kikombe cha nyonga. Damu yake nyingi hupanda kwa matawi membamba ya ateri inayoizunguka shingo ya paja kwa ndani na nyuma. Matawi hayo hulala juu ya shingo ya mfupa, chini ya utando mwembamba. Shingo ikivunjika, hukatika au hubanwa. Nyonga ikiteguka, huvutwa mpaka huweza kuchanika, na hiyo ni sababu mojawapo ya madaktari kukazana kuirudisha nyonga iliyoteguka ndani ya saa 6. Kuna ateri nyingine ndogo inayopita ndani ya kano ya katikati ya kiungo, lakini kwa mtu mzima mchango wake ni mdogo mno. Njia ya akiba ni kama haipo.

Hao ni walioumia. Kwa wasioumia, orodha ya visababishi inajulikana na kila daktari angefaa kuwa nayo kichwani: dozi kubwa za dawa za steroidi kama prednisoloni, pombe nyingi kwa muda mrefu, selimundu, lupasi, ugonjwa wa Gaucher, kazi ya kuzamia majini kwenye kina kirefu, mionzi ya kutibu saratani. Na wapo ambao chanzo hakionekani hata baada ya kutafutwa. Mwaka 1948 daktari Chandler aliuita ugonjwa huu ugonjwa wa koronari wa nyonga, akiulinganisha na kuziba kwa mishipa ya moyo. Ulinganisho huo unasaidia kuelewa chanzo, ila unapotosha kwa jambo moja kubwa. Moyo ukikosa damu hulia ndani ya dakika chache. Nyonga inaweza kukaa wiki na miezi bila kusema neno.

Ukimya huo una maelezo yake. Damu ikikatika, seli za uboho zinazotengeneza damu hufa kwanza, ndani ya saa 6 hadi 12. Seli za mfupa wenyewe hufuata kati ya saa 12 na 48. Seli za mafuta ndizo zenye ustahimilivu zaidi, hufa kati ya siku 2 na 5. Kwa hiyo wiki haijaisha na kipande kizima cha kichwa cha paja kimekwisha kufa. Lakini madini hayafi, kwa sababu hayakuwa hai. Kalsiamu iliyokuwepo jana iko palepale leo, vijinguzo vyembamba vya mfupa vimesimama kama kawaida, na uzito wa mwili unabebwa bila shida. Eksirei hupima namna miale inavyozuiwa na madini hayo. Ukiipeleka mbele ya mfupa uliokufa juzi, itakuonyesha mfupa mzima, na haitakuwa imekosea hata kidogo.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo naliona ni la kusikitisha zaidi katika ugonjwa huu mzima. Kinachokuja kuuangusha mfupa ni jitihada za mwili za kuukarabati. Kifo chenyewe kina sehemu ndogo katika kuanguka huko. Pembezoni mwa eneo lililokufa, mwili hupeleka mishipa mipya na seli za kusafisha na kujenga. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Phemister, daktari wa upasuaji wa Marekani, alieleza vizuri namna mfupa mpya unavyotandazwa juu ya ule uliokufa huku wa zamani ukiliwa polepole. Mahali pengine mwilini kazi hiyo huishia vizuri. Chini ya gegedu ya nyonga, sehemu inayobeba mzigo mkubwa kuliko zote, seli za kula mfupa huwahi kuliko seli za kujenga. Vijinguzo hupungua nguvu, hupasuka kimojakimoja, halafu mpasuko unaenea chini ya gegedu kama ufa unavyokimbia chini ya plasta. Hapo ndipo eksirei inapopata cha kusema. Utaona mstari mweusi mwembamba kama mwezi mwandamo chini ya uso wa kichwa cha paja, na mara nyingi hutauona kwenye picha ya kawaida ya mbele. Unaonekana vizuri zaidi mgonjwa akikunja goti na kulifungua paja nje kama mguu wa chura, kwa kuwa kipande kinachobonyea hukaa mbele na juu. Anayeagiza picha moja tu ya mbele ameshajinyima nusu ya ushahidi.

Mwezi mwandamo huo hufundishwa kama dalili ya ugonjwa, na ni kweli ni dalili. Ila ni dalili ya kuchelewa. Ukishaonekana, tiba nyingi za kuiokoa nyonga ya asili zimeshapoteza nguvu.

MRI, kipimo kinachopiga picha za mwili kwa sumaku, ilibadilisha hali hii katika miaka ya 1980, na hakuna anayejadili tena kwamba ndiyo kipimo chenye uwezo mkubwa kuliko vyote wa kuubaini ugonjwa kabla mfupa haujabonyea. Hata hivyo nayo tunaisifia kwa sababu isiyo yake. Wengi husema MRI huona mfupa uliokufa. Kaa na picha yenyewe kidogo. Kwenye picha za T1, aina mojawapo ya picha za MRI, mafuta ya uboho hung'aa meupe. Kichwa cha paja cha mtu mzima kimejaa uboho wa mafuta, hivyo kinang'aa. Mgonjwa wetu angepigwa MRI siku ile ya kwanza, huenda tungeona mstari mweusi uliopinda, unaoanzia ukingo mmoja wa uso wa kiungo, unashuka, kisha unapanda kuishia ukingo wa pili, umbo la bakuli lililofunguka juu. Na ndani ya bakuli? Mara nyingi ni peupe vilevile, kama mafuta ya mfupa mzima. Mafuta yaliyokufa yanaweza kuendelea kutoa mwanga wa mafuta hai kwa muda mrefu.

Mstari ule mweusi, basi, ni mpaka tu. Ndipo tishu hai ilipofika na kukutana na iliyokufa, ikaanza kazi. Kwenye picha za T2, aina nyingine ambayo majimaji ndiyo hung'aa, mpaka huo mara nyingi hugawanyika kuwa mistari miwili, mweupe kwa ndani na mweusi kwa nje: wa ndani ni tishu changa yenye mishipa mingi inayosogea mbele, wa nje ni mfupa uliokazwa nyuma yake. Ukiielewa picha hivyo, mambo mengi yanajieleza. Unaelewa kwa nini MRI inaweza kuwa ya kawaida siku chache baada ya shingo ya paja kuvunjika ilhali damu imeshakatika: walio hai hawajafika mpakani. Unaelewa pia kwa nini kwa mtu aliyeanzishiwa dozi kubwa ya steroidi mstari huwa hauonekani wiki ile ile, huja baada ya mwezi au miezi kadhaa. Katika siku hizo za mwanzo kabisa, anayetaka kujua hali ya damu lazima aitafute damu yenyewe, kwa kuchoma dawa ya gadolinio mshipani na kuangalia kama inaingia kichwani mwa paja au la.

Kutoka hapo natoa rai ya kwanza. Mtu mzima mwenye maumivu ya kinena yasiyoelezeka, ambaye nyonga yake inauma au imekaza anapozungushiwa paja kwa ndani, na ambaye ana hata kisababishi kimoja katika orodha ile, hapaswi kurudishwa nyumbani kwa ushahidi wa eksirei peke yake. Eksirei ipigwe, ndiyo, kwa sababu inaonyesha mengine mengi. Lakini ikiwa safi, swali libaki wazi mpaka MRI ilijibu. Na anayelalamika goti ambalo kila likipimwa halina kitu, nyonga yake ikaguliwe, kwa kuwa maumivu ya nyonga huazima njia ya goti mara kwa mara.

Upo upande wa pili wa sarafu, na bila kuutaja nitakuwa nimewatisha watu bure. MRI ya nyonga yenye maumivu mara nyingine huonyesha kichwa chote cha paja na shingo vikiwa vimelowa majimaji: T1 imefifia, T2 inawaka. Macho yenye haraka huandika "osteonekrosisi" na kuendelea na mgonjwa mwingine. Lakini bakuli liko wapi? Kama hakuna mpaka, kuna uwezekano mkubwa tunaangalia kitu kingine, upungufu wa muda wa madini ya nyonga, kile kilichoelezwa na madaktari Curtiss na Kincaid mwaka 1959 kwa wajawazito wa miezi mitatu ya mwisho, na ambacho leo kinajulikana kuwapata zaidi wanaume wa makamo. Mfupa hupungua madini kwa muda, huuma sana, halafu hupona wenyewe, kwa kawaida ndani ya miezi 6 hadi 12, kwa kupunguziwa mzigo na subira. Mwambie mtu huyo kwamba mfupa wake umekufa, umtoboe au umbadilishie nyonga, na utakuwa umetibu ugonjwa ambao ungeondoka bila kisu.

Kinachochanganya zaidi ni mpasuko wa uchovu chini ya gegedu, yaani mfupa dhaifu kupasuka kwa mzigo wa kawaida, unaowapata hasa wazee, wanawake wenye mifupa iliyopungua madini. Hapa mstari upo. Una weusi ule ule, uko eneo lile lile. Tofauti iko kwenye mkunjo wake, na ni tofauti ambayo mtu akishaonyeshwa mara moja hataisahau. Mstari wa mfupa uliokufa hupinda kama bakuli linalotazama juu, ukikizunguka kipande kilichokufa. Mstari wa mpasuko hufuata mviringo wa kichwa chenyewe, kama bakuli lililofunikwa, tena una makunyanzi na huweza kukatika katikati. Ukichoma gadolinio, eneo lililo kati ya mstari na uso wa kiungo hupokea dawa kwenye mpasuko, kwa sababu lina damu. Kwenye osteonekrosisi halipokei.

Kuna wakati, pamoja na hayo yote, picha mbili za wagonjwa wawili zinafanana kiasi kwamba radiolojia inafika mwisho wa kamba. Hapo ndipo watu hugeukia tishu, na wengi hudhani kwamba kwa hadubini ubishi umekwisha.

Tishu ina historia yake ndefu kwenye ugonjwa huu, na inaanzia kabla ya MRI. Huko Toulouse, Ufaransa, madaktari Ficat na Arlet walikuwa na wagonjwa wenye nyonga zinazouma na eksirei safi, yaani wagonjwa kama huyu wetu. Hawakukubali neno la eksirei. Waliingiza sindano ndani ya mfupa na kupima shinikizo: lililozidi milimita 30 za zebaki walilihesabu si la kawaida. Wakaingiza mililita 5 za maji ya chumvi waone kama shinikizo litapanda zaidi ya milimita 10. Wakachoma dawa ya kuonyesha vena waone kama damu inatoka mfupani kwa njia yake. Mwisho wakatoboa na kutoa mche mwembamba wa mfupa ukaangaliwe kwa hadubini. Walichogundua baada ya hapo hakikuwa kwenye mpango: wagonjwa waliotobolewa kwa ajili ya uchunguzi walianza kusema maumivu yamepungua. Upasuaji wa kutoboa kichwa cha paja ili kupunguza shinikizo, unaofanywa hadi leo, ulizaliwa kutoka kwenye kipimo. Naipenda habari hiyo kwa sababu ilianza na watu waliowaamini wagonjwa wao kuliko picha zao.

Sasa tuukague mche huo. Mfupa ni mgumu, kwa kawaida hauwezi kukatwa vipande vyembamba vya kuwekwa chini ya hadubini ukiwa na kalsiamu yake, kwa hiyo hulowekwa kwanza kwenye tindikali au dawa nyingine ya kuitoa. Kisha hukatwa na kupakwa rangi, ya zambarau kwa viini vya seli na ya waridi kwa vinginevyo. Ukiweka jicho, unaona vijinguzo vya mfupa kama barabara za waridi, na ndani yake vitundu vidogo vilivyotawanyika. Kila kitundu ni chumba cha seli moja ya mfupa. Kwenye mfupa hai, kitundu kina nukta ya zambarau ndani. Kwenye mfupa uliokufa, ni chumba kitupu.

Ni taswira yenye kushawishi sana, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Chumba kinaweza kuwa kitupu kwa sababu tindikali ilikaa muda mrefu mno ikaviharibu viini hata visishike rangi. Msumeno uliopasha mfupa joto unaweza kuwa na lawama pia, au uzee tu, maana mfupa mkongwe una vyumba vitupu vyake bila ugonjwa wowote. Kinyume chake pia hutokea. Seli ikifa leo, kiini chake hakitoweki leo. Kinaweza kubaki kama kivuli kwa siku nyingi, hata wiki, na mche uliotolewa mapema ukaonekana una wakazi kumbe ni mabaki yao. Hadubini nayo, kama eksirei, ina saa yake.

Kwa hiyo mwanapatholojia, daktari anayesoma tishu kwa hadubini, anayesimama kwenye vyumba vitupu peke yake amesimama mguu mmoja. Mguu wa pili ni uboho. Kati ya vijinguzo, mafuta yaliyokufa hupoteza viini vyake, kuta za seli hupasuka, vifuko vikubwa vya mafuta huungana, na mahali pengine chokaa hujikusanya. Vijinguzo vitupu vikikutana na uboho uliokufa namna hiyo, hoja imekaa. Ikiwa kwenye mche umepatikana pia ukingo wenyewe, yaani tishu changa yenye mishipa na mfupa mpya uliotandazwa juu ya wa zamani, basi unaangalia kwa jicho ule mstari mweusi wa MRI, safari hii ukiwa na rangi na sura.

Lakini mche ni mwembamba. Umechukuliwa mahali pamoja ndani ya kichwa chenye upana wa takriban sentimita 5. Ukipita pembeni mwa eneo lililokufa, utasoma mfupa mzima na kuandika kwamba hakuna ugonjwa. Ukipita karibu na mpasuko wa uchovu, utakuta mfupa uliokufa kidogo kandokando ya ufa, kwa kuwa kila mpasuko huua mfupa wa jirani, na utaandika kwamba ugonjwa upo. Yote mawili ni kweli ya mche na uongo wa nyonga. Mwanapatholojia asiyeonyeshwa MRI ya mgonjwa anafanya kazi gizani, na kumpelekea chupa yenye mche na fomu iliyoandikwa "maumivu ya nyonga" ni kumnyima haki.

Wajapani walilitatua jambo hili kwa busara. Vigezo vya kamati yao ya utafiti wa ugonjwa huu vina mambo matano: kubonyea kwa kichwa cha paja bila nafasi ya kiungo kupungua, ukiwemo mwezi mwandamo, mpaka wa mfupa uliokazwa kwenye eksirei, nao bila nafasi kupungua, doa baridi ndani ya eneo la moto kwenye skani ya mifupa ya mionzi, mstari mweusi kwenye T1 ya MRI, na kufa kwa vijinguzo pamoja na uboho chini ya hadubini. Yakipatikana mawili kati ya matano, ugonjwa umethibitishwa. Angalia hadubini imewekwa wapi. Ni shahidi mmoja kati ya watano, anakaa kwenye benchi moja na wengine. Angalia pia kwamba kigezo chake kinadai vijinguzo na uboho kwa pamoja.

Ndiyo maana nasema, kwa mgonjwa ambaye MRI yake ina bakuli lililo wazi na kisababishi kinajulikana, kumtoboa kwa ajili ya kuthibitisha tu ni kumwongezea kidonda. Kama anatobolewa kwa tiba, mche uliotoka usitupwe, ukasomwe. Bayopsi, yaani kutoa kipande cha tishu kwa uchunguzi tu, ibaki kwa pale ambapo picha zinapingana, au pana shaka ya saratani, kifua kikuu cha mfupa au maambukizi mengine.

Na vichwa vya paja vinavyotolewa wakati wa kuweka nyonga bandia? Hapa nina msimamo ambao najua una wapinzani. Wanasema kuvisoma vyote ni gharama na mara nyingi majibu hayabadilishi tiba, maana nyonga imeshabadilishwa. Sehemu ya kwanza ni kweli. Ya pili inasahau kwamba tiba ya nyonga si tiba ya mgonjwa. Kichwa kilichotolewa kwa jina la osteonekrosisi huweza kusomeka kuwa ni mpasuko wa uchovu, na maana yake mgonjwa ana mifupa dhaifu mwili mzima inayohitaji kutibiwa kabla haijavunjika pengine. Mara chache hukutwa limfoma au saratani iliyosambaa. Kipasue kichwa katikati kwa msumeno na utaona picha ambayo hakuna mashine iliyowahi kuitoa: kabari ya njano iliyopauka, kavu, isiyong'aa, utepe mwekundu unaoizunguka, na juu kabisa gegedu inayoonekana nzima lakini ukiisukuma kwa kidole inachezacheza, kwa sababu chini yake kuna mwanya. Mwanya huo ndio mwezi mwandamo wa eksirei.

Skani ya mionzi na CT, yaani eksirei ya vipande inayounganishwa na kompyuta, nitazipitia haraka. Skani ya teknetiamu, dawa ya mionzi inayochomwa mshipani, huonyesha mahali mfupa unapofanya kazi, na doa baridi ndani ya duara la moto lina maana kubwa, ila hukosa wagonjwa wengi ambao MRI ingewakamata, hasa wenye ugonjwa nyonga zote mbili, kwa kuwa hakuna upande mzima wa kulinganisha. CT ni dhaifu mwanzoni. Nguvu yake ni kuona ufa mdogo chini ya gegedu ambao eksirei na hata MRI vimeupita, na ufa huo ndio unaoamua kama bado tunaokoa nyonga au tunajiandaa kuibadilisha.

Hilo linanileta kwenye malalamiko yangu juu ya ripoti. Ripoti ya MRI iliyoandikwa "osteonekrosisi ya nyonga ya kulia" na kuishia hapo ni nusu ya kazi. Ficat alitupa hatua za ugonjwa, lakini hatua zake hazikupima ukubwa. Steinberg akaongeza ukubwa, akigawa chini ya asilimia 15 ya kichwa, 15 hadi 30, na zaidi ya 30. Kerboul alitufundisha kupima pembe ya eneo lililokufa, na pembe hiyo ikipimwa kwenye MRI kwa kujumlisha picha ya mbele na ya ubavuni, chini ya nyuzi 190 hatari ya kubonyea ni ndogo, zaidi ya 240 ni kubwa mno. Marekebisho ya mwaka 2019 ya chama cha kimataifa cha ARCO yaliweka mstari kwenye milimita 2 za kubonyea. Tofauti ya milimita 2 na ya nyuzi 50 ndiyo tofauti ya mtu kushauriwa kutobolewa, kusubiri kwa kuangaliwa, au kupangiwa nyonga bandia. Daktari wa upasuaji hawezi kuamua kwa jina la ugonjwa. Anahitaji kujua kipande kina ukubwa gani, kiko wapi, kimepasuka au bado, na nafasi ya kiungo ikoje.

Anahitaji pia kujua habari za nyonga ya pili. Kwa ugonjwa usiotokana na kuumia, zaidi ya nusu ya wagonjwa wanao pande zote mbili, na upande wa pili unaweza usiume kabisa. Turudi kwa mtu wetu wa miaka 38. Aliporudi akichechemea, fomu yake ya MRI iliandikwa "nyonga ya kulia", kwa sababu ndiko alikoonyesha kwa kidole. Mtaalamu wa picha aliisoma historia yake, akakuta aliwahi kutumia prednisoloni kwa miezi mitano, akaamua kupiga zote mbili. Kulia kulikuwa kumekwisha kubonyea. Kushoto, kwenye nyonga isiyowahi kumuuma hata siku moja, kulikuwa na bakuli dogo jeusi, lenye mwanga wa mafuta ndani, na juu yake kichwa cha paja kikiwa bado kimeviringana.